Ng'ombe Hawahesabiwi, na Fomu Inatakiwa Ijumaa

Mpendwa mshauri,

Natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya wasomaji wote wa ukurasa huu, kwamba ndama wetu mwenye baka jeupe usoni alipotea Jumatano jioni ya wiki iliyopita na akapatikana Alhamisi asubuhi kwenye bustani ya sukumawiki ya jirani, mzima na ameshiba. Ungesema jambo limeisha, lakini kwangu ndipo lilipoanza, na naomba unisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni fundi wa pampu za maji kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo hapa Matongo, elimu yangu darasa la saba, mengine nimejifunza kwa kufungua mashine na kubaki na boliti za ziada, na nina binti anaitwa Gati, yuko kidato cha pili, ambaye Mwalimu Petronila anayemfundisha hisabati amesema anafaa kuingia mashindano ya wanafunzi, yale wanayoyaita olimpiadi, akampa fomu ya ridhaa niweke sahihi, nami nilifurahi mpaka nikanawa mikono kabla ya kuishika. Sasa mshauri, kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Jioni unasimama mlangoni mwa zizi, mlango ambao naufunga kwa kamba tangu komeo livunjike mwezi wa sita, unaangalia rangi, mweusi yupo, wa kijivu yupo, basi, maana kutamka idadi ni kuita balaa, na mama yangu ambaye ndiye mwenye boma analishika hilo kuliko sisi wote. Jumatano hiyo Gati akachukua mkaa akaandika kwenye ukuta wa jiko kwamba ng'ombe wetu, pamoja na ndama, wakitoka zizini mmoja mmoja wanaweza kufuatana kwa namna 5,040, na jioni ile ile ndama hayupo.

Mama akauliza, "Nani ameandika ng'ombe wangu ukutani?"

Gati akasema, "Shikamoo bibi. Sijawahesabu, nimehesabu namna za kutoka."

"Na mmoja ametoka kwa namna yako."

Akaichukua fomu, akaifungia kwenye sanduku lake la nguo, ufunguo ukaenda shingoni, akaniambia nikiweka sahihi nisimwite mama tena. Mwalimu aliponipigia simu nikaona aibu, nikasema fomu imeliwa na ndama. Akauliza, "Yule aliyepotea?" Gati hajalia wala kulalamika, anachunga tu bila kuwaangalia ng'ombe, na hilo ndilo linaniumiza. Nimtii mama au nimpe mtoto nafasi? Na kweli mashindano haya ni ya watoto kama wetu, au ni ya shule kubwa za mjini? Idadi ya ng'ombe siitaji hapa, kwa heshima ya mama.

Kisyeri, fundi pampu, Matongo

Ndugu Kisyeri,

Pole kwa ndama, na pole zaidi kwa uongo wako. Mtu anayefungua injini na kuifunga tena anashindwaje kutunga uongo wa kudumu hata dakika moja? Kesho nenda shuleni kwa miguu yako, si kwa simu, mweleze Mwalimu Petronila ukweli na uombe fomu nyingine.

Mashindano haya si ya mjini peke yake. Jina la mtoto hupelekwa na shule kupitia mwalimu wa somo. Duru ya kwanza mara nyingi hufanyika hapo hapo shuleni au shule ya jirani, wanaofanya vizuri huitwa ngazi ya juu, na wachache sana huiwakilisha nchi. Asiyeandikishwa hafiki hata hiyo ya kwanza. Gati amwombe mwalimu mitihani ya miaka iliyopita, afanye maswali mawili kwa wiki bila kuchungulia majibu, pamoja na wenzake wawili watatu. Swali moja linaweza kumshinda siku mbili. Msimwone mjinga, ndivyo yalivyotungwa. Na yakija mashindano ya sayansi, mengi hutaka mradi. Una pampu mbovu ngapi hapo nyumbani?

Mwiko wa mama siucheki, hata kwetu upo. Ila usimwendee na hotuba. Nenda na komeo jipya, ulifunge mbele ya macho yake, kwa sababu katika barua yako nzima hakuna hata mmoja aliyeishtaki kamba. Kisha mwombe amweleze Gati nani hutangulia kutoka zizini, nani humfuata, nani hugoma mpaka amwone fulani. Gati akae chini, aandike. Mama ameifanya hesabu hiyo maisha yake yote bila kutamka idadi. Acha mjukuu ayaone hayo, na yeye amwone mjukuu. Sahihi iweke baada ya hapo, mbele yake, si kwa kujificha. Akikataa, weka hata hivyo, na uendelee kumwita mama. Ataitika.

Mwisho, barua yako nilimwonyesha mwalimu mmoja wa hisabati hapa Bomani, nikamsifu kwake fundi aliyejua kutunza siri ya boma. Akaiangalia ile 5,040, akazidisha moja kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, akaendelea hivyo mpaka ikatimia, akaweka kalamu chini.

Ng'ombe wenu ni saba.