Moto wa Pwani kwenye Bwawa la Kinango

Jumanne, Msambweni. Mawingu tangu alfajiri, mvua haiteremki.

Jumamosi nilipoteza dau langu. Liliungua Kinango, kando ya bwawa, maji yakilitazama.

Futi kumi na nne, mbao za mwembe, misumari kila inchi nne. Nililijengesha kwa jasho la kukaanga samaki. Sikurithi hata kasia. Nikalipandisha kwa lori hadi kwa mdogo wangu Riziki, maana mahindi yao yalikauka na bwawa lao lina perege asiyevuliwa. Mumewe, Nyamawi, angevua, mimi ningeuza. Nilimfundisha: perege asubuhi, karibu na visiki, ndoano ndogo na nyungunyungu. Kambare jioni, palipo na tope, kwa matumbo ya kuku. Matundu ya wavu yasipungue inchi tatu, ama mwakani mtavua vyura. Hayo yote aliyashika vizuri.

Nililomfundisha vibaya ni utunzaji.

Huku kwetu, kila bamvua, bahari inapojaa sana, chombo hupandishwa ufukweni, kikakwanguliwa, kikapitishwa moto wa makuti tumboni ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, ndipo kikapakwa sifa, yale mafuta ya papa. Nimelelewa na harufu hiyo. Nikampelekea Nyamawi dumu zima, nikamwambia kwa simu, "Shemeji, kila bamvua, moto na sifa."

"Shemeji, huku bamvua nitalijuaje? Bwawa halijai wala halitoki."

"Tazama mwezi."

Akacheka. "Haya. Nyinyi watu wa pwani hata dau mnalifungisha kwa kuandama mwezi."

Mwezi ulipotimia alipaka sifa kwanza, kisha akawasha nyasi. Jua la Kinango lilikuwa limekausha mbao hadi zinalia. Dau likashika papo hapo.

Nilipofika Jumapili palibaki misumari na mkuku, ule mti wa chini unaoshika mbao. Nikamwambia, mbele ya baba yake mzazi na majirani, "Mwanamume mzima, moto wa makuti unakushinda?" Mzee akainamisha kichwa. Nyamawi hajanijibu hadi leo, na simu zangu hazipokei.

Jana nilimwendea fundi aliyelijenga, nikitaka anihurumie.

"Bibi wee," akaniambia, "wadudu wale ni wa baharini. Kwenye maji baridi ulikuwa ukichoma nini?"

Nikamwomba anifundishe utunzaji wa bwawani.

Kwa hiyo nawaandikia wenye vyombo vidogo vya bwawani: kinachoviua ni maji ya mvua yanayolala ndani. Kipindue chombo juu ya magogo mawili, kivulini, upepo upite chini. Usikiache juani nyufa zikafunguka, wala usikiache kilowe kutwa kikaoza. Nyufa zizibe kwa kalafati ya pamba, kisha rangi ndani na nje. Moto uache jikoni.

Hasira bado ninayo. Mafuta kabla ya moto, jamani! Lakini mimi nilisema "moto na sifa", nikadhani kila mtu kazaliwa akijua kipi hutangulia. Na moto wenyewe haukuhitajika kamwe. Dau ningelijenga tena bila kulia. Yale maneno mbele ya mzee ndiyo yananikosesha raha.

Riziki, najua hunisoma humu ukurasani. Msomee mumeo.

Nyamawi, kwa baba yako nitakuja mwenyewe, nimpe shikamoo yake na kumwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia. Hilo halina masharti, hata ukiamua kutonitazama.

Dau ni jambo jingine. Fundi ana mbao, hazijakatwa. Akizikata kwa kipimo cha bwawa hazitafaa baharini, na bila wewe sina wa kuvua huko. Utavua nami tena, au hutavua? Usinitumie salamu. Usiniambie "inshallah tutaona." Nataka ndiyo au hapana, kwa mdomo wako, kabla ya adhana ya adhuhuri Ijumaa hii.