Jina Kwenye Mlango wa Lori

Nyumbani Kiminini,
Trans-Nzoia.
12 Oktoba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Levi,

Pokea salamu kutoka kwa nyanya yako ambaye bado anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Hali yako huko Doha iko namna gani? Joto limepungua? Unakula chakula cha kueleweka ama bado ni mikate tu? Sisi wote tuko salama. Goti langu linalia asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mahindi yamekauka vizuri.

Naandika kwa mkono wangu, na darasa langu la tatu, kwa sababu kwa simu nikianza kukugombeza unasema ati mtandao umepotea. Barua haina mtandao. Kaa chini usome.

Wewe ndiye ulisema tuuze lori. Ulisema sheria ya kusajili wabebaji wa mizigo inabadilika, ati mwenye lori moja hataruhusiwa tena kubeba peke yake, ati mimi nimezeeka na hayo mambo yatanishinda. Ukamtuma Ndung'u wa Kitale, ambaye naye ana lori moja tu lakini anajiita kampuni. Alizunguka lori la babu yako akipiga magurudumu teke kama mtu anayenunua ng'ombe mgonjwa. Levi, lori hilo ndilo lilikusomesha. Ndilo linamweka dada yako Emmy pale chuo cha Kibabii sasa hivi. Ulitaka tule nini, ushauri wako?

Sheria nilienda kuisikia mwenyewe kwenye mkutano. Haikuwa jini. Walisema wenye lori mojamoja waungane, wawe na jina moja kwenye milango yote na mtu mmoja wa kujibu makosa. Asiyekuwa amepita ukaguzi mavuno yakianza, lori lake litabaki nyumbani kuku walalie.

Basi nikamwita Chelagat, jirani yetu, aliyeachiwa lori na mumewe. Nikashuka Bungoma mpaka Chwele kumtafuta Mukhwana, yule mwenye mdomo, anayebeba vitunguu na ndizi. Tulipatana juu ya breki, bima, madereva, kila kitu. Tukashindwa na jina.

Si unajua watu wetu na majina wanayoandika kwenye milango ya lori. Mukhwana alisema Simba wa Chwele, jina la lori lake, haondoki. Chelagat alisema majina ya watoto wake hayafutwi na mtu. Nami nikasema Khaemba na Wana, jina la babu yako, lilikuwa barabarani kabla ya hao wote, kwa hivyo lishinde. Tulibishana mpaka jioni ya kuamkia ukaguzi.

Hapo nikaona tutabaki na majina mazuri na malori yaliyolala. Nikachukua msasa, nikaenda kwa mlango, nikaanza kukwangua jina la babu yako. Najua ulijifunzia kusoma kwa herufi hizo. Baba yako Wekoye aligeuka akaangalia shamba. Mukhwana ndiye alisema.

"Mama Wekoye, hiyo si ni jina ya marehemu?"

"Marehemu amelala," nikamwambia. "Lori ndiyo inaamka kesho."

Mukhwana akaomba kipande cha msasa, akwangue Simba wake. Chelagat akasema si barabara yetu ni moja, Kitale mpaka Bungoma, tuitwe hivyo. Fundi wa rangi akaandika Barabara Moja kwenye milango yote.

Afisa wa ukaguzi aliangalia taa, breki, magurudumu, hakupata pa kushika. Akauliza mkubwa ni nani, huku macho yake yako kwa Mukhwana. Nikamwambia ageuze shingo, mkubwa ni mimi. Akauliza nitafanya nini dereva akizidisha mzigo. Nikasema nitapanda juu ya magunia nikae hapo mpaka yaliyozidi yashushwe. Baba yako akamwambia huyu mama hatanii, yeye mwenyewe akiwa dereva alishafanyiwa hivyo. Tukapita sote. Sasa malori yanapanda na kushuka, na madereva wana amri ya kupiga honi wakipita kwangu.

Jana Ndung'u alirudi. Safari hii hakupiga kitu teke. Lori lake limesimamishwa, kampuni yake haikutosha, na sasa anaomba tumpokee. Nilimpa chai ya maziwa mengi, kwa maana sisi si washenzi. Alipomaliza nikampa na msasa. Nikamwambia aanze na mlango wake.

Baba yako anakusalimu, Emmy pia, na Chelagat anauliza utaoa lini. Mukhwana anasema umletee saa ya mkono. Usimletee.

Mungu akulinde ugenini, akurudishe na mifupa yote, na akupe akili ya kuuliza kabla hujauza.

Wako akupendaye hata ukikosea,

Nyanya yako Nelima,
Mwenyekiti, Barabara Moja