Masomo ya Alasiri

3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, anasema amechoka tu, na uchovu wake unaujua, ni ule ule. Bibi naye yupo. Mwili wake una nguvu kutushinda sote, kichwa ndicho kinachokuja na kuondoka. Jana aliniuliza, "Wewe binti, mama yako anajua uko hapa?" Nikamwambia anajua. Akasema, "Haya kaa, lakini usichelewe kwenu."

Barua hii nampa dereva wa lori la vipuri, maana simu yako haipatikani tangu mlipohamia shimo jipya la mgodi.

Baba, nina jambo. Tunamaliza shule ya kati mwezi ujao na tumeambiwa tuchague mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Ipo mitatu: sayansi, lugha, na maarifa ya nyumbani, ule wa kupika na kushona ambao wavulana wanauita mkondo wa masufuria. Ukishaingia ndiyo umeingia, unakwenda nao mpaka mtihani wa mwisho. Mwalimu wa fizikia alinishika bega mbele ya darasa akasema, "Huyu akienda kwingine mimi naacha kazi." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ila moyoni nilikuwa nimeshajiona maabara, nimevaa koti jeupe linaloburuza chini.

Tatizo ni saa. Wa sayansi na wa lugha wanasoma mpaka jioni, na maabara ni alasiri kila siku. Wa maarifa ya nyumbani wanatoka mchana. Mama anaingia kwenye kazi yake ya udobi hospitalini mchana huo huo, na akirudi giza limeshaingia. Asubuhi bibi yuko naye, mchana yuko na mimi. Nikiwa maabara, bibi atakuwa na nani?

Nisaidie kuchagua. Wasalimie wenzako.

Mwanao.


17 Juni

Mama yangu mdogo, uliyerithi jina la bibi yako, mama yangu mzazi,

Marahaba, na marahaba tena. Mimi mzima. Kikohozi hakijaondoka, tumezoeana. Usishangae alama za vidole kwenye karatasi, barua yako ilinikuta shimoni na grisi imefika viwikoni, na sikuweza kungoja mpaka ninawe.

Unauliza uchague nini. Chagua sayansi. Sina neno la pili.

Sikiliza. Mimi nimeshika pampu kabla hujazaliwa. Najua kwamba ukiiweka pampu juu sana kutoka kwenye maji haivuti, hata uipigie magoti. Lazima tuiteremshe chini, karibu na maji, na ndiyo maana nashinda matopeni. Siku moja nilimuuliza mhandisi kwa nini iko hivyo. Akanijibu, "Ndivyo zilivyo, fundi." Nimekaa na hilo "ndivyo zilivyo" miaka yote hii. Wewe sitaki ukae nalo.

Kuhusu bibi, hilo niachie. Huyo alikuwa mama yangu kabla hajawa bibi yako, na kumlinda ni kazi yangu. Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Agosti. Shule ikifunguliwa mimi nitakuwa nyumbani. Asubuhi nitahangaika na vibarua, mafundi bomba hawakosi kazi mjini, na mchana nitakaa na mama yangu tuulizane mimi ni nani na yeye ni nani. Mwambie mama yako kwamba nimesema.

Andika sayansi, na uandike kwa mkono usiotetemeka.

Baba yako.


29 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeandika sayansi.

Nimemuuliza mwalimu lile swali lako la pampu. Anasema pampu haivuti maji hata kidogo. Inachofanya ni kutoa hewa iliyo ndani ya bomba tu. Ile hewa ya nje, inayoyakandamiza maji shimoni, ndiyo inayoyasukuma yapande ndani ya bomba. Na hewa ina mwisho wa nguvu zake. Ukiiweka pampu juu kupita huo mwisho, maji yanafika mahali yanasimama. Kwa hiyo miaka yote hii kumbe ulikuwa unasaidiwa kazi na hewa. Nilipomweleza mama alicheka akasema, "Haya, mwambie basi imsaidie na kurudi."

Maneno yako nilimfikishia. Alikuwa anakunja nguo, akasimama kidogo. Akasema, "Baba yako hasemi uongo. Ila hilo shimo halimsikilizi." Halafu akaendelea kukunja. Mimi nimemwambia utakuja.

Bibi ameanza kutoka. Wiki hii nimemkuta getini mara kwa mara, amebeba mkoba wake mtupu. Nikimuuliza anakwenda wapi ananitazama kama mimi ndiye niliyepotea. Nimefunga kengele ya baiskeli kwenye kitasa, mlango ukisogea inalia. Mama anasema nyumba imekuwa kama duka.

Tunakuhesabia. Usisahau kwamba shule inafunguliwa wiki ya pili ya Septemba.

Mwanao wa sayansi.


2 Septemba

Mama yangu mdogo,

Habari za huko. Hujambo? Mama yako hajambo? Na mama yangu?

Najua mmekuwa mkitazama barabara. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia katikati: sijapanda gari. Mvua huku zimewahi, na kubwa. Fundi mwenzangu aliondoka Julai kwenda kwenye kazi nyingine, na hajaletwa wa kushika nafasi yake. Nilipokwenda kuaga, msimamizi alinionyesha shimo kwa kidole. Akasema, "Fundi, pampu zikizima usiku mmoja tu, watu wote hawa kesho hawana kazi. Wewe ndiye utakayewaambia?" Nikatazama chini, wakanitazama. Wengine nimekula nao sahani moja mwaka mzima. Nikarudi kushika spana.

Ni kwa muda mfupi. Wamesema fundi mpya yuko njiani. Kwa sasa mwombe yule jirani mshonaji akae na bibi alasiri, si anashona hapo hapo barazani? Mwambie nitamshukuru mwenyewe nikija.

Usitoke kwenye sayansi. Shikilia tu mpaka nifike. Hilo ndilo ninaloomba.

Baba yako.


27 Septemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua zimepungua na wewe ni mzima. Sisi tupo.

Mshonaji alikubali, tena kwa moyo mweupe. Alasiri ya kwanza niliingia maabara. Baba, kuna bomba la maji kwenye kila meza, na tulipima joto la barafu inayoyeyuka. Inayeyuka na kipimajoto hakisogei mpaka barafu yote iishe. Mwalimu akauliza kwa nini, mimi nikajaribu kujibu. Nilikosea, lakini akasema nimekosea vizuri.

Kwa wiki nzima ilikuwa hivyo.

Jumanne mshonaji alikuwa anampima mteja. Anasema aligeuka mara moja kuchukua chaki. Kengele ya mlangoni yeye hakuisikia kwa sababu ya kelele za barabarani. Nilipotoka maabara nilimkuta mama kwenye geti la shule, mshonaji alikuwa amemwita kazini, amevaa lile aproni la dobi, maji yanamtiririka. Alinishika mkono tukaanza kukimbia. Tulizunguka sokoni, stendi, mpaka machinjioni. Mtu wa kituo cha mafuta ndiye aliyemwona, ameketi ndani ya mtaro kando ya barabara kuu, hana viatu, amejikata unyayo kwenye bati. Alipomuuliza bibi unakwenda wapi, bibi akamwambia, "Namwahi mwanangu. Shule yao inafungwa alasiri, na huwa ananisubiri peke yake."

Alikuwa anakuja kukuchukua wewe, baba.

Mshonaji amelia, amesema hawezi tena, na mimi siwezi kumlaumu. Msimamizi wa udobi amemwambia mama akitoka tena kabla ya zamu kuisha asirudi. Mama hajaniambia nifanye nini. Ingekuwa rahisi kama angeniambia.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa taaluma. Akasema, "Unajua kubadilisha mkondo mwisho wake ni mwezi huu? Baada ya hapo hakuna kurudi, mpaka umalize." Nikasema najua. "Na umefikiri?" Nikasema nimefikiri. Akamwita mwalimu wa fizikia. Huyo aliniuliza jambo moja tu, "Kwenu hakuna mtu mwingine?" Nikamwambia baba yuko kazini mbali. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakuacha kazi.

Kuanzia Jumatatu niko maarifa ya nyumbani. Tunaanza na pindo la mkono.

Naomba usinikasirikie.

Mwanao.


28 Septemba

Mama yangu mdogo,

Barua yenu bado sijaipata, nadhani dereva amekwama mahali, lakini hii siwezi kuichelewesha. Fundi mpya amefika. Ni kijana, ana mikono mizuri, anasikia pampu ikianza kuugua kabla haijazima. Namfundisha mabomba yalivyopita, nikimaliza naondoka. Msimamizi ameshatia saini. Katikati ya Oktoba niko nyumbani.

Nimekununulia kikokotoo, kile chenye vitufe vingi mpaka mwenye duka mwenyewe hajui kazi ya vingine. Nikamwambia usijali, ninayempelekea anavijua.

Niambie maabara ikoje. Niambie kila kitu, hata harufu yake. Na bibi mwambie mwanawe anakuja. Najua atasahau. Mwambie tena.

Baba yako mwenye furaha.


13 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Barua yako imefika baada ya yangu kuondoka. Zimepishana njiani, pengine zilikuwa kwenye malori mawili yaliyopigiana honi.

Niliisoma nimekaa juu ya bomba. Nilikasirika, sikufichi. Nilianza kuandika kukuuliza kwa nini hukusubiri wiki mbili tu. Nikaandika nusu ukurasa, halafu nikaona sijui wewe ungezijuaje hizo wiki mbili, wakati mimi mwenyewe nilikwambia Agosti. Nikaichana.

Nilipofika pale pa mtaroni niliiweka chini. Ni kweli, nilikuwa namsubiri. Alikuwa akifua nguo za watu upande wa pili wa mji na alichelewa kila siku, na kila siku alikuja anakimbia, mikono imekunjamana kwa maji. Mlinzi wa shule alikuwa ananiambia, "Usilie, huyo anakuja." Hilo bado liko kichwani mwake, na mengine yote yameondoka.

Sasa nisikilize. Mzigo wangu umefungwa, lakini daraja limechukuliwa na maji na upande huu hakuna gari linalotoka. Dereva atavuka kwa miguu na kamba pamoja na watu wa posta, ndiye ninayempa hii. Mimi na kifua hiki wamenikataza kuingia majini.

Nenda tena kwa mwalimu wa taaluma. Mwombe. Mwambie baba anakuja, bibi atakuwa na mtu. Mwambie ni siku chache tu zimepita. Watu hawakosi huruma. Na kile kidonda cha mama yangu kioshwe kwa maji ya chumvi, kisifungwe sana.

Baba yako.


9 Novemba

Baba,

Shikamoo. Najua dereva alikuambia kwa mdomo, mama alimtuma. Nilitaka nikuandikie mwenyewe, lakini kila nikishika kalamu naona haina pa kuanzia.

Kidonda tulikiosha kama ulivyosema, na kabla hujasema. Kilifunga juu, kumbe chini kinakwenda. Mguu ukavimba mpaka gotini, homa ikapanda, tukampeleka hospitali. Alilazwa kwenye mashuka aliyoyafua mama. Mama alikuwa anapanda kumwona akiwa na aproni lake, wauguzi wakajifanya hawamwoni. Siku za mwisho bibi hakutoka tena kitandani kwenda popote, na hilo ndilo lililonionyesha kwamba anatuacha. Nilimwambia unakuja. Nilimwambia mara nyingi, kila aliposahau. Mara moja alinijibu, "Najua, nimeshamwona." Sikubisha.

Alifariki alasiri, mimi nikiwa naye. Tulitaka kukusubiri, ila watu walisema daraja halina siku, na ni kweli. Tulimzika kesho yake. Mshonaji alikuja, na mtu wa kituo cha mafuta alikuja pia. Mwalimu wa fizikia alisimama nyuma kabisa na mwavuli.

Kwa mwalimu wa taaluma nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilipopata barua yako. Alisema orodha zimeshapelekwa na nafasi yangu amepewa mwingine, msichana kutoka shule ya upande wa pili wa mji aliyekuwa akingoja. Mara ya pili ni juzi, baada ya mazishi. Mwalimu wa fizikia alinisindikiza, wakazungumza mlango umefungwa, nikasikia anapandisha sauti, nikasikia ananyamaza. Alipotoka akaniambia, "Rudi darasani, mwanangu." Huwa hatuiti wanawe.

Yule msichana nimeshamwona. Nilitaka nimchukie. Yuko kama mimi tu, koti lake linaburuza chini.

Mama amerudi kazini. Anakula nikimkalia mbele. Mimi natoka shule mchana pamoja na wenzangu wa mkondo wangu. Tumemaliza pindo, sasa tunajifunza vifungo. Nikifika nyumbani hakuna mtu. Nakaa. Alasiri ni ndefu sana, baba, sikuwahi kujua, maana siku zote ilikuwa na bibi ndani yake. Wenzangu wa zamani ndiyo saa hiyo wanaingia maabara.

Wanasema daraja litafunguliwa kabla mwezi haujaisha. Ukisikia limefunguliwa usiharakishe, usipande gari bovu, usije ukaumia njiani. Huku hakuna tena la kuwahi.

Mwanao.