Namba Zilizokuwa Ukutani

Kendi mjukuu wangu,

Hapa Meru sote tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kwa nini nilikusumbua uhifadhi anwani za kurasa zako za mtandao kwenye simu pia, si kwenye laptopu peke yake.

Miaka ya tisini nilikuwa na duka Makutano. Namba zote niliziandika ukutani kando ya simu, nizione haraka. Dada yangu Karimi, aliyekosana na baba yetu akahamia Kisumu, alinipigia akanipa namba ya jirani yake. "Nipigie Krismasi," akasema.

Krismasi ilipokaribia nikapaka duka rangi, kama kila mtu. Nilipokumbuka namba, rangi ilishazifunika ikakauka.

Karimi hakunipigia tena. Nadhani alishinda kwa jirani siku hiyo, akingoja simu yangu.

Nyanya yako