Mashine ya Baba na Mifuko ya Upepo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, tena kwenye kiti chenye egemeo, si kile kigoda chako. Huku hatujambo. Mkwe wako anakohoa kidogo, ila sauti ya kubishana nami bado anayo. Mgongo unaendeleaje? Usiniambie u buheri wa afya; Shangazi ameshanieleza kwamba unavaa viatu umelala chali.

Habari kubwa huku ni pikapu. Mashine yako ya kukereza mbao ni mzigo wa kutisha, na tela la kuibebea tumeshaazima. Tulilijaribu kwanza kwa matofali ya saruji. Mkwe wako akayapanga yote upande wa mbele wa tela, eti yawe karibu na injini inayoyavuta. Pikapu ikachuchumaa nyuma, pua juu, na usukani ukawa mwepesi kama wa gari la kuchezea.

Tukaenda kwa fundi tunayemwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Alituonya kwamba kuimarisha springi hakuongezi uwezo wa gari kuvuta, tusijidanganye. Bahati nzuri uzito wa mashine pikapu inaumudu. Kilichobaki ni kuiweka juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya tela, isogee mbele kidogo tu, na kuiimarisha pikapu kwa nyuma. Tungeweza kuongeza chuma kwenye springi, au kufunga mifuko ya upepo, ambayo unaijaza ukiwa na mzigo na kuipunguza ukishaushusha.

Maji hufuata mkondo, nikachagua chuma. Nilikuwa nakusikia kabisa ukisema kitu kigumu hakidanganyi. Na kweli, ikiwa na matofali pikapu ilisimama sawasawa. Tulipoyashusha ikawa inaruka kila shimo. Mkwe wako akagonga kichwa, nami kiuno kikaniuma hadi nikakukumbuka. Nikarudi kwa Kimya nikamwambia atoe chuma chake, afunge mifuko. Alinishangaa. Alisema kwa safari moja ya kumpelekea mnunuzi mashine, chuma kingetosha, kisha angekitoa. Nikasisitiza mifuko, naye akanyamaza, jambo ambalo gereji nzima iliona si la kawaida.

Baba, mnunuzi hayupo. Nilikudanganya kwamba nimempata. Uliniambia huwezi kuja kukaa kwangu, kwa sababu mzee asiye na kazi nyumbani kwa mkwewe ni kiti cha ziada, kila mtu anakikwepa. Ukaona bora uuze mashine, ubaki peke yako katika nyumba ambayo imepoa tangu Mama atutoke. Iliniuma sana. Basi tumemwaga zege kwenye banda la nyuma na kuvuta umeme, na dirisha nimelielekeza jua la asubuhi. Mbao nzito atabeba mkwe wako; wewe kereza tu. Mashine itasafiri siku moja, lakini wewe utapanda pikapu hii kila mara kwenda kuchagua mbao, na mgongo wako hautaki chuma.

Tunakuja Jumamosi. Funga nguo zako. Ukikataa, nitaichukua mashine peke yake, na najua utaifuata kwa miguu.

Mkwe wako anakuamkia. Wajukuu wanauliza kama kweli unajua kutengeneza pia za mbao za kuchezea. Nimewaambia wakuulize wenyewe. Msalimie Shangazi, ambaye siri hii aliimeza kitambo, na najua ilimkaba.

Kiti cha mbele ni chako.

Mwanao akupendaye,
Maranda