Kazi ya Kwanza ya Kaka Modesti

Kipatimu, Kilwa
Jumamosi, 7 Juni 2025

Kwa Kaka Modesti,

Shikamoo Kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile jino limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Baba ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linamuuma akipanda mlima, na masikio yake ni yaleyale uliyoyaacha, pengine yamezidi kidogo. Ile mashine ya kusaga aliyoisimamia miaka ishirini iliyamaliza kweli. Mama bado yuko Pande anamuuguza Bibi. Nyonga ya Bibi imeanza kushika, anatembea kwa kushikilia ukuta, ila hawezi kuachwa peke yake, kwa hiyo Mama amesema tusimtarajie kabla ya Agosti. Mimi nimefunga shule jana. Fizikia nimepata B na Hisabati C.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Tangu Pasaka nimekupigia mara nyingi hupokei, na ujumbe wako wa Jumapili huwa ni maneno matatu tu, kwamba upo, tumsalimie Baba. Lakini hata kama ungepokea, hili ninalotaka kukuambia lisingenitoka mdomoni. Unanijua nilivyo. Mbele ya mtu maneno hunikwama, nikishika kalamu ndipo hutoka. Basi naomba uisome barua hii mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Kwanza nikupe habari za barabara. Mvua za Aprili ziling'oa kalavati la korongo la Nambunju, lile la chini ya mteremko mkali. Kwa wiki tatu abiria walishuka kwenye gari upande mmoja, wakavuka korongo kwa miguu na viroba vyao kichwani, wakapanda gari jingine ng'ambo. Mama mmoja mwenye mimba alivushwa akiwa juu ya kitanda, wanaume sita wamekibeba, maji yakiwafika kiunoni. Alijifungua salama, lakini tangu siku hiyo Baba hakutulia. Kila asubuhi anachukua fimbo yake anashuka Nambunju kutazama, nami siku zisizo za shule namfuata ili nimsikilizie watu.

Mwezi uliopita alikuja mkandarasi kutoka Lindi. Anaitwa Mhandisi Maftaha, ni Mmwera wa Milola, mtu mzima wa miaka sitini hivi, mfupi na mcheshi. Siku ya kwanza alimtania Baba kwamba sisi Wamatumbi tulichagua kuishi vilimani ili wageni wachoke njiani, tule ugali wetu peke yetu. Nilimrudilia Baba maneno hayo sikioni kwa nguvu. Alicheka mpaka akakohoa, akamjibu kwamba kwa Wamwera wageni hufika bila kuchoka, ila hukuta sufuria imeshafichwa uvunguni. Tangu hapo wawili hao ni marafiki.

Baba alimweleza kwamba lile kalavati la zamani lilikuwa dogo, kwa sababu mvua ikiwa kubwa kuna maji mengine yanaingia kwa kushoto, kupitia kwenye mikorosho, na wapimaji wa kwanza walikuja kiangazi hawakuyaona. Vibarua walicheka kusikia mzee asiyesikia anamfundisha injinia. Mhandisi Maftaha hakucheka. Alimwita fundi sanifu wake, dada mmoja anaitwa Fauzia, wakaenda kupima huko kwenye mikorosho saa nzima. Waliporudi alisema mzee yuko sahihi, na sasa badala ya mabomba mawili ya zege wanajenga kalavati la boksi, lenye tundu pana la pembe nne. Kaka, ungemwona Baba siku hiyo! Alirudi nyumbani anapanda mlima kama goti si lake.

Huyu dada Fauzia ndiye aliyenizoea. Aliniona nimekaa juu ya jiwe na kitabu, akaniambia Nambunju kuna vyura wengi lakini anayesoma ni mmoja tu, basi nije nimshikie ule ufito wa kupimia. Ndiye aliyenieleza kwamba walikuwa na mhandisi kijana akakaa wiki mbili, akasema huku hakuna mtandao, akaondoka. Nafasi yake iko wazi. Wanataka mhitimu wa uhandisi ujenzi, na kwa kuwa Mhandisi Maftaha amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, mhitimu huyo atahesabiwa ile miaka mitatu ya kufanya kazi chini ya uangalizi, na kitabu chake cha kumbukumbu za kazi kitatiwa saini. Mshahara ni mdogo, wamesema hivyo wazi. Baada ya Nambunju kuna madaraja mengine mawili. Mhandisi Maftaha atangoja mpaka tarehe 20 mwezi huu. Ikipita atamchukua kijana wa Mtwara ambaye ameshaleta vyeti vyake.

Unakumbuka kile kijitabu cha maktaba ya shule nilichokupigia picha kurasa zake mwaka juzi, ulipohitimu? Kiliandika kwamba mhitimu wa uhandisi atafute kazi ya kwanza mjini, kwenye kampuni kubwa, kwa sababu jina la mwajiri wa kwanza litamfuata maisha yake yote. Nilipiga mstari chini ya sentensi hiyo. Niliiamini kwa kuwa ilikuwa imechapwa. Wiki iliyopita nilijikaza nikamuuliza Mhandisi Maftaha kama ni kweli. Alifikiri kidogo, akasema kampuni kubwa si mbaya, yeye mwenyewe alianzia huko. Alikaa miaka miwili anachapisha michoro na kubeba mafaili, wala hakuwahi kuona zege likimwagwa. Alipopelekwa kwenye daraja peke yake kwa mara ya kwanza, alisimama pale hajui amwagize fundi aanzie wapi, na fundi akajua kwamba hajui. Akasema angekuwa na mtoto anayehitimu leo, angemwambia atafute kwanza mhandisi anayekubali kuulizwa, awe mjini au porini, ndipo aangalie jina la kampuni. Fauzia akadakia kwamba kwake yeye maswali yanaruhusiwa mpaka saa sita, baada ya hapo njaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi iliyopita Fauzia aliniuliza kama kweli nina kaka injinia. Nilimjibu kwamba ninaye, yuko Dar kwenye kampuni kubwa. Nilisema uongo huo polepole, lakini Baba alikuwa ananitazama midomo. Akaniuliza nimesema nini. Fauzia, bila kujua, akamrudilia kwa sauti. Baba naye, unajua akiongea anadhani wote hawasikii kama yeye, alisema mbele ya vibarua wote kwamba hapana, mwanawe hana kazi, mwaka na nusu sasa, yuko Mbagala analinda duka la mabati. Akasema amemwita nyumbani mara mbili na mara mbili mtoto amekataa, amesema kijijini hakuna kazi ya injinia. Akaongeza kwamba hamlaumu, pengine mtoto akisoma sana baba yake huwa mdogo. Kisha akainama akaanza kuokota kokoto na kuzirudisha kwenye rundo, moja moja, ingawa hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyecheka. Hata Fauzia hakutania.

Kaka, wewe hukukataa. Wala Baba hakukukataza kurudi. Aliyefanya yote hayo ni mimi.

Tarehe 4 Januari uliniandikia ujumbe, bado ninao kwenye simu. Ulisema nimwambie Baba umechoka, unaomba urudi ujipange upya, hata kulima utalima. Nilimsomea kwa sauti ujumbe huo kama ulivyo. Alikuwa ananoa panga. Hakufikiri hata kidogo. Alisema nikuambie uje, nyumba ni yako, na kitanda chako atakisuka kamba upya. Kesho yake alikisuka. Mpaka leo kipo chumbani kwako, kamba zimekaza, hakuna aliyekilalia.

Mimi nilikuandikia kwamba Baba anasema vumilia, usirudi mikono mitupu, watu watatucheka. Halafu nikamwambia Baba kwamba umeshukuru lakini umesema huku hakuna kazi ya injinia. Yeye simu haisikii kabisa na maandishi ya kwenye kioo hayaoni. Mama naye, huko Pande, alipata kwangu yaleyale. Hapakuwa na mtu wa kunisahihisha. Mwezi Aprili ukaomba tena uje Pasaka, Baba akasema vilevile uje, nami nikafanya vilevile. Mara ya pili haikuwa ngumu kama ya kwanza, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Sitaki kujitetea, lakini nataka ujue sababu. Siku ya Krismasi Baba Mdogo Tomaso alikula hapa kwetu. Alisema tumesomesha injinia tumepata mlinzi wa mabati, na kwamba wewe ukirudi hivihivi, basi na huyu wa kike apumzike shule, korosho zinataka mikono. Baba aliitikia kwa kichwa, kama afanyavyo asiposikia, nami niliogopa kwamba amesikia na amekubali. Niliona kwamba kila siku unayokaa Dar ni siku yangu moja ya shule. Nikakumbuka kile kijitabu, nikajiambia pengine nakusaidia, pengine Baba hajui na mimi niliyesoma najua. Hivyo ndivyo nilivyokuweka Mbagala miezi mitano, ukidhani baba yako amekufungia mlango, naye akidhani umemdharau.

Nisamehe, Kaka. Kama huwezi sasa, sitakulaumu. Lakini tafadhali usiiache tarehe 20 ipite kwa sababu yangu.

Jumapili, 8 Juni

Kaka, jana niliishia hapo juu nikadhani barua imekwisha. Sikuweza kuifunga. Leo baada ya Misa nilimwomba Baba akae uani, nikamsomea barua hii yote.

Unajua kumsomea Baba ni kupiga kelele. Nilipofika kwenye mwezi wa Januari sauti ilishuka yenyewe. Akaniambia hajasikia, nirudie. Nikarudia. Akasema bado. Nikapaza sauti mpaka jirani aliyekuwa anapepeta mpunga akaacha kupepeta. Nadhani mpaka sasa kijiji kizima kinajua. Nilisoma hivyo hadi mwisho.

Baba aliuliza jambo moja tu, kama na ile ya Pasaka pia ilikuwa hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akaiangalia mikono yake. Kisha akasema nichukue kalamu niandike neno kwa neno, na haya ndiyo aliyosema:

"Modesti, mimi sikukufukuza. Njoo kama unaitaka kazi ya Maftaha. Kama huitaki, njoo vilevile."

Aliniagiza nimwite Mwalimu Monika wa shule ya hapa kijijini. Amekuja sasa hivi, ameyasoma maneno hayo kimya, kisha amemrudilia Baba sikioni, naye Baba amekubali kwamba ndiyo aliyoyasema. Ndiyo maana utaona saini ya Mwalimu pembeni mwa maneno hayo. Baba ameichukua simu kwangu. Kuanzia leo ujumbe wake utasomwa na kujibiwa na Mwalimu Monika. Hakunipiga wala hakunifokea. Kuhusu shule hakusema neno, nami sikuuliza.

Barua nampa utingo wa basi la kesho alfajiri, ataiacha hapo dukani kwenu. Mama na Bibi wanakusalimu kutoka Pande, bado hawajui lolote kati ya haya, nitawaandikia wao pia. Mwalimu Monika anakusalimu. Dada Fauzia anasema hata kama hakujui, anakusalimu, na uje na buti zako kwa kuwa za kampuni zimebaki za miguu mikubwa. Wasalimie wote unaoishi nao. Mungu akutunze na akufikishe.

Namba ya Mwalimu Monika nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukiamua kuja, au ukiamua kutokuja, mjibu yeye. Usinijibu mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Yustina