Ubeti wa Bibi Yako

Mjukuu wangu Paulina,

Hapa Ganako tu wazima, maharage yametoa maua, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza uweke vyombo gani kwenye wimbo wako kabla ya kurekodi.

Bibi yako alifariki kabla kwaya yetu haijarekodi wimbo aliotunga. Kwenye ubeti aliokuwa akiimba peke yake tulijaribu gitaa, halikukaa. Tukajaribu kinanda, kikapendeza sana, lakini mama mzazi wa bibi yako akasimama. "Wanangu, mmemfunika," alisema. Basi ubeti ule tukaurekodi kwa ngoma tu, bila sauti ya mtu.

Jaribu vyombo vyote, ila usiogope kuondoa. Mama yako alikuwa bado ananyonya wakati ule. Siku hizi kanda ya wimbo ule ikifika kwenye ubeti wa ngoma, huacha mboga anazochambua, akaimba yeye.

Babu yako